Shajara ya mradi: kuvu zinazoishi ndani ya miti, kutoka timbo jipya hadi kichaka kikongwe

13 Januari 2024. Swali na maeneo matatu

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwa cha Mombasa ukaelekea Kisauni na Bamburi, sehemu kubwa ya ardhi unayoikanyaga ni mwamba wa matumbawe ya kale, na kwa miaka mingi mwamba huo umekatwa kuwa mawe ya kujengea au kusagwa kuwa saruji. Timbo linapoachwa hubaki uwanja mweupe usio na udongo. Jinsi uwanja wa namna hiyo unavyoweza kurudishiwa uhai inajulikana pwani nzima kutokana na kazi aliyoianza René Haller mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi: kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa ni 3 tu zilizosalimika, na mvinje ndio uliobeba mzigo, kwa kuwa mizizi yake huishi na bakteria wa jenasi Frankia wanaoupatia naitrojeni pasipo na udongo. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo wa kuyatafuna, na kinyesi cha majongoo hao kikawa mwanzo wa udongo ambao miti mingine iliota juu yake.

Kurithiana huku kwa uoto, ambapo mimea ya kwanza huwaandalia wengine mahali kisha ikawapisha, kumeelezwa mara nyingi kwa kuhesabu miti, ndege na wadudu. Mimi ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kinachonishughulisha ni wakaazi wasiohesabiwa. Ndani ya jani lenye afya kabisa, katikati ya chembe zake, huishi kuvu ambazo hazilidhuru jani wala hazionekani kwa nje. Nyingi huingia kama spora, yaani vimbegu vyao vidogo sana, zinazotua juu ya jani, zikapata unyevu, zikaota na kupenya. Swali langu ni hili: timbo linapogeuka kichaka, je, kuvu zilizomo ndani ya miti nazo hurithiana, na ikiwa hivyo, kinachozibadilisha ni nini hasa?

Siwezi kungoja miaka 40 nikitazama timbo moja, kwa hiyo nimechukua maeneo matatu yaliyo karibu na yenye umri tofauti, na kuyasoma kana kwamba ni hatua za mahali pamoja. Eneo A ni sehemu ya timbo iliyoacha kuchimbwa miaka 4 iliyopita. Eneo B ni mivinje iliyopandwa yapata miaka 25 iliyopita, ambayo chini yake kumeanza kuota miti mingine. Eneo C ni kichaka cha kale kwenye ukingo wa mwamba ambao haukuguswa. Ruhusa ya mwenye ardhi na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, zimepatikana. Nilishauriwa nichukue sampuli za msitu mkongwe zaidi kutoka kwenye kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda, nami nimeamua kutofanya hivyo. Misitu ile imebaki kwa sababu wazee waliweka miiko ya kukata, na mradi wa mwalimu mmoja si sababu ya kutosha ya kuwaendea na ombi la kuchuma.

27 Januari. Chumba cha kazi na chakula cha kuvu

Nimenunua sufuria ya presha kwa shilingi 7,200, visahani 150 vya plastiki kwa shilingi 4,500, na tangi kuukuu la samaki wa mapambo ambalo, likilazwa ubavu na kuwekewa pazia la plastiki lenye matundu mawili ya mikono, limekuwa kisanduku cha kufanyia kazi pasipo upepo. Tangi na pazia vimegharimu shilingi 2,300. Hadubini ni ya shule.

Chakula cha kuoteshea kuvu ni kile cha kawaida: gramu 200 za viazi vilivyochemshwa na kuchujwa, gramu 20 za glukosi na gramu 18 za agari, kigandisho kitokanacho na mwani, kwa lita moja ya maji, pamoja na kidonge kimoja cha kloramfenikoli cha miligramu 250 cha kuzuia bakteria. Dawa hiyo hustahimili moto, kwa hiyo huingia kabla ya kupikwa. Presha ikifika, dakika 20.

Agari ndiyo iliyonipotezea wiki. Niliinunua Marikiti, ile ya nyuzi ambayo akina mama hutengenezea faluda, nikaipima kwa uzito uleule ulioandikwa kwa agari ya unga, na kwa joto hili la kaskazi chakula kikabaki laini kama uji mzito. Vipande vya jani vilizama. Nilipoongeza nyuzi hadi gramu 26 chakula kilishika vizuri. Rafiki alipendekeza mwani unaolimwa Kibuyuni kwa kuwa ni rahisi, lakini mwani ule hutoa karajinani, si agari, nami sikutaka kuanza mradi juu ya kitu ambacho tabia yake siijui.

11 Februari. Mvinje umenishinda

Mpango wa kwanza ulikuwa kutumia mvinje katika maeneo yote, kwa kuwa ndio mti wa hatua ya mwanzo na bado upo mpaka ukingoni mwa kichaka. Ili kupata kuvu za ndani peke yake ni lazima kuua zote zilizo juu ya ngozi ya jani: dakika 1 ndani ya spiriti ya asilimia 70, dakika 3 ndani ya jiki iliyozimuliwa, sekunde 30 tena kwenye spiriti, kisha kusuuza kwa maji yaliyochemshwa katika presha. Kipande huwekwa juu ya chakula, na kitakachotoka kwenye kingo zilizokatwa kinahesabiwa kuwa kilitoka ndani.

Kabla ya kukiamini chochote kuna jaribio moja ambalo namsihi yeyote atakayeiga kazi hii asiliruke. Kipande kilichosafishwa hugandamizwa juu ya chakula kwa dakika moja kisha huondolewa. Mahali palipogandamizwa pakiota ukungu, basi usafishaji umeshindwa na kila kitu kilichopatikana siku hiyo ni cha kutupwa. Kati ya alama 20 za mvinje, 13 ziliota. Nilirudia kwa dakika 5, zikaota 11.

Nilipokata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini nikaelewa. Kile tunachokiita jani la mvinje si jani. Ni kijitawi chembamba chenye viungo, na majani halisi ni meno madogo yaliyozunguka kila kiungo. Kijitawi hicho kina mifereji inayokwenda kwa urefu wake, na ndani ya mifereji kuna vinyweleo vilivyofunika matundu ya kupumulia. Hewa hunaswa humo, dawa haiingii, na spora zilizolala chini ya vinyweleo hutoka salama. Tone moja la sabuni ya vyombo katika kila glasi ya jiki lilivunja utando wa hewa na kushusha alama zilizoota hadi 5, ila 5 kati ya 20 bado ni nyingi.

Kulikuwa na kosa la pili lililojificha nyuma ya la kwanza. Jiki niliyoitumia ilikuwa imekaa dukani dirishani penye jua, na joto na mwanga huidhoofisha. Chupa mpya, iliyohifadhiwa kabatini penye giza, ilishusha alama hadi 2. Kufikia hapo, hata hivyo, nilikuwa nimetumia visahani 48, na vijitawi vyembamba vilikuwa vimeanza kuathirika hadi ndani. Nimeuacha mvinje kwa upande wa majani. Nitaurudia kwa upande wa mbao, ambazo gome lake huvuliwa na tatizo la mifereji halipo.

2 Machi. Mwarobaini, na matokeo mazuri kupita kiasi

Mti uliochukua nafasi ya mvinje ni mwarobaini. Asili yake si hapa, lakini ndege na popo wameusambaza pwani yote, na unapatikana katika maeneo yangu yote matatu: vichipukizi kwenye nyufa za timbo, miti ya makamo chini ya mivinje, na mikubwa ukingoni mwa kichaka. Hili la kutumia mti wa aina moja ni la lazima. Kila mti huchagua wageni wake, na kama ningelinganisha mvinje wa timboni na mti mwingine wa kichakani, nisingejua kama tofauti niliyoiona inatokana na umri wa mahali au na mti wenyewe.

Jani lake ni laini na bapa, na alama 20 za mgandamizo zilibaki safi zote. Nilikata vipande 40 vya milimita 2 kwa 2 kutoka kila eneo. Baada ya siku 14, vipande vilivyotoa kuvu vilikuwa 11 katika A, 23 katika B na 36 katika C. Ngazi iliyopangika namna hiyo ilinifurahisha, na usiku huo niliandika kurasa mbili za maelezo kuhusu jinsi msitu unavyojaza majani yake wakaazi kadiri unavyozeeka.

Kurasa hizo nimezifuta. Siku ya pili nilirudi timboni kuongeza sampuli, na mzee anayelinda eneo lile, ambaye amekuwa akinitazama kwa subira tangu Januari, aliniuliza: “Mwalimu, huku wachuma machanga na kule wachuma makongwe. Yatakuwaje sawa?” Alisema kweli. Mwarobaini wa timboni ulikuwa umekatwa na mbuzi ukachipua upya, na majani yake yalikuwa bado na wekundu wa utoto. Yale ya kichakani niliyachuma matawi ya chini, yakiwa ya kijani kilichoiva, na mengine yalikuwa yamekaribia kuanguka.

Jani huzaliwa likiwa karibu tupu na hujazwa na spora siku baada ya siku. Kwa maneno mengine, kila jani ni timbo dogo lenye kurithiana kwake, na mimi nilikuwa nimepima umri wa majani nikadhani nimepima umri wa msitu. Tangu hapo mradi wote umegeuka kuwa kazi ya kuzitenganisha saa hizi mbili, ile ya jani na ile ya msitu.

24 Machi. Nyuzi

Dawa ya kosa hilo la umri wa majani ni ya bei ndogo. Nimenunua uzi wa kushonea wa rangi tatu, na katika kila eneo nimefunga uzi kwenye vikonyo vya majani 60 yaliyofunguka wiki hiyo hiyo, yote kwenye urefu wa kati ya mita 1 na 2 kutoka chini. Yatachumwa kwa mafungu yakiwa na umri wa wiki 2, 6 na 11. Mwezi wa Ramadhani umehamishia kazi ya kisanduku baada ya tarawehe, jambo ambalo limegeuka kuwa la manufaa, kwa sababu usiku upepo hutulia.

20 Aprili. Utitiri

Nimepoteza fungu zima la wiki 2, na nitaeleza kwa urefu kwa kuwa ishara zake ni rahisi kuzikosea. Mwanzo niliona njia nyembamba za ukungu mweusi zikikatiza visahani kama nyayo, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na makundi mawili ya kuvu tofauti yakionekana mahali ambapo jana lilikuwepo moja. Nilidhani ni uzembe wangu wa mkono. Nilibadilisha spiriti, nikavaa barakoa mbili, nikapika upya chakula. Njia ziliendelea, tena zikaongezeka.

Ni pale nilipoweka kisahani kizima chini ya hadubini kwa kioo cha ukuzaji mdogo ndipo nilipoona nukta za uwazi zikitembea. Ni utitiri, wadudu wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni, wanaokula kuvu na kubeba spora miguuni wakihama chini ya mfuniko wa kisahani kimoja hadi kingine. Waliingia na majani, bila shaka, kwa sababu nilikuwa nikiyaweka mabichi kwenye meza ileile yenye visahani.

Visahani 31 vilichemshwa katika presha kwa dakika 30 kabla ya kutupwa, kama ninavyofanya kwa visahani vyote, maana hakuna kuvu itakayotoka nyumbani mwangu ikiwa hai kwenda jaani. Majani sasa huoshwa nje na huingia ndani yakiwa tayari kwenye spiriti. Kila kisahani kinazungushiwa plastiki nyembamba ya kufungia vyakula mara mbili, na miguu ya rafu imesimama ndani ya mabakuli yenye mafuta ya taa kidogo, kama wazee walivyokinga kabati la chakula na sisimizi. Tangu hapo hakuna njia nyeusi hata moja. Kesho nitafunga nyuzi upya kwa ajili ya fungu la wiki 2.

15 Juni. Saa mbili zilizotenganishwa

Masika yamekuwa juu ya majani haya muda wote, na hilo likumbukwe kwa yeyote atakayelinganisha na ya kiangazi. Kila hesabu ni ya vipande 40. Majani ya wiki 2 yalitoa kuvu katika vipande 3 eneo A, 4 eneo B na 7 eneo C. Ya wiki 6 yalitoa 14, 19 na 27. Ya wiki 11 yalitoa 29, 31 na 37.

Ile ngazi kubwa ya Machi imeyeyuka kwa sehemu kubwa. Jani la timboni likiachwa likomae hujaa karibu sawa na la kichakani, ila hujaa polepole zaidi. Kilichobaki, na ambacho sikukitazamia, ni tofauti ya akina nani wamo. Nimezipanga kuvu kwa sura, yaani rangi, kasi ya kukua, umbo la nyuzi na spora zikiwepo. Eneo A lina sura 6, B lina 9 na C lina 15. Nne kati ya hizo ziko kila mahali na ndizo zilizoshika vipande vingi. Zilizobaki ni adimu, nyingine zimeonekana mara moja tu, na C ndiko zilikojazana.

Tahadhari mbili. Kwanza, kuvu zinazokubali chakula cha viazi ni sehemu tu ya zilizomo, na zenye mbio huwafunika wapole, kwa hiyo sura 15 si idadi ya wakaazi wote bali ya waliokubali kufungua mlango. Pili, karibu nusu ya kuvu zangu hazitoi spora, na kuvu isiyo na spora ni kama mtu asiyetaja jina. Nilipoweka vipande vya jani la mwarobaini vilivyopikwa katika presha juu ya agari tupu na kuviacha dirishani penye mwanga wa mchana, 5 kati ya 18 za kimya zilitoa spora baada ya wiki tatu. Mbinu hiyo haikunigharimu chochote na ninaipendekeza.

27 Julai. Ndani ya mbao za mvinje

Mivinje ya eneo B inapunguzwa, na nilipewa fito za unene wa sentimita 4 zilizokatwa mbele yangu zikiwa na afya. Nilifunga ncha zote kwa nta, nusu nikazitia ndani ya mfuko wa plastiki zibaki na maji yake, nusu nikaziacha zikauke kivulini kwa wiki 5. Kisha gome likapitishwa motoni, likavuliwa, na vipande vya mbao vikatolewa katikati kwa patasi iliyopikwa.

Mbao mbichi za siku ya kwanza zilitoa kuvu katika vipande 2 kati ya 30. Zilizohifadhiwa na maji zilitoa 4. Zilizokauka polepole zilitoa 17. Ncha zilifungwa na gome lilichomwa, kwa hiyo sioni njia ambayo kuvu hizo zingeingilia baadaye: zilikuwamo tangu mti ukiwa hai. Mbao hai zimejaa maji na hewa ni chache, na kuvu iliyomo hukaa kama chembe chache zilizolala. Maji yakipungua hewa huingia, nayo huamka ikiwa tayari ndani ya nyumba kabla ya mshindani yeyote wa nje.

Jambo hili linanigusa kwa sababu linaunganisha hadithi ya timbo. Jani au tawi la mvinje linapoanguka haliangukii mikononi mwa kuvu za udongo peke yake, maana timbo changa halina udongo. Sehemu ya waozeshaji huanguka nalo. Jongoo anapofika, chakula chake kinaweza kuwa kimekwisha kuanza kulainishwa kutoka ndani.

31 Agosti. Majina

Kuvu 12 zilizochaguliwa zilipelekwa maabara moja Nairobi kusomwa vinasaba, katika ile sehemu iitwayo ITS ambayo mwaka 2012 ilikubaliwa kuwa alama rasmi ya kutambulisha kuvu. Gharama ni shilingi 3,200 kwa kila moja, jumla shilingi 38,400, na hii ndiyo fedha kubwa kuliko zote katika mradi.

Mbili hazikusomeka, na kosa ni langu. Nilipeleka kuvu zilizozeeka na kuwa nyeusi, na rangi ile nyeusi, melanini, huzuia kazi ya kunakili vinasaba. Zingepaswa kukuzwa kwenye maji ya viazi yasiyo na agari na kuvunwa siku ya nne zikiwa bado nyeupe. Shilingi 6,400 zimekwenda.

Kumi zilizosomeka ni Colletotrichum 3, Diaporthe 2, Xylaria 2, na moja moja za Lasiodiplodia, Neopestalotiopsis na Cladosporium. Nimeishia kwenye jenasi kwa makusudi, kwa sababu ITS peke yake haitoshi kutenganisha spishi za Colletotrichum wala za Diaporthe, na jina kamili lisilo na msingi hudhuru kuliko kukosa jina. Zile sura nne za kila mahali zimo humu: Colletotrichum mbili, Diaporthe moja na Lasiodiplodia. Wakulima wa maembe wa pwani wanazijua baadhi ya jamaa za kuvu hizi kama maradhi ya kuozesha matunda na kukausha matawi. Ndani ya mwarobaini wenye afya zimetulia. Xylaria zote mbili zimetoka C, na jamaa zake wengi ni waozeshaji wa mbao, wale wanaotoa vidole vyeusi juu ya magogo.

5 Oktoba. Miche safi

Lilibaki swali gumu. C ina kuvu nyingi mapema kwa sababu ina majirani wengi wa kutoa spora, au kwa sababu ina kivuli na unyevu unaokaa juu ya jani mpaka saa nne asubuhi, hali timboni umande hukauka mara jua linapochomoza? Miti iliyokwishaota haiwezi kunijibu. Nilihitaji miche ya umri mmoja, kutoka mti mmoja, isiyo na kuvu ndani ya majani.

Kokwa nilizokusanya Machi na kuzihifadhi kwenye karatasi hazikuota hata moja mwezi wa Mei, kwa kuwa kokwa za mwarobaini hupoteza uhai ndani ya wiki chache. Mbichi, zilizookotwa na kupandwa siku iyo hiyo, ziliota ndani ya siku 10. Miche imekua chini ya paa la plastiki, ikinyweshwa shinani tu, kwa sababu jani lisilolowa ni mlango uliofungwa. Nilipopima vipande 40 kabla ya kuitoa, kimoja tu kilikuwa na kuvu.

Leo nimepeleka miche 8 eneo B, 8 eneo C, 8 eneo A juani na 8 eneo A chini ya chandarua cha kivuli. Chandarua, vyungu na mchanga vimegharimu shilingi 2,900.

16 Novemba. Jibu la kwanza

Mbuzi wamekula miche 5 ya eneo A ya juani. Mzee aliwahi kuizungushia miba ile miche iliyobaki, na bila yeye kundi hilo lisingekuwepo. Mvua za vuli zilianza wiki ya pili. Baada ya wiki 4 porini, vipande vyenye kuvu kati ya 40 ni hivi: A juani 9, A kivulini 24, B 21, C 30.

Chandarua peke yake, kwenye timbo lilelile na majirani walewale, kimepandisha idadi hadi kuizidi kidogo ile ya B. Lakini waliohamia ndani ya miche ya chandarua ni walewale wa timboni: Colletotrichum, Diaporthe, Lasiodiplodia, na Cladosporium kidogo. Hakuna Xylaria, na hakuna hata moja ya zile adimu za kichakani, ambazo nne kati yao zimejitokeza tena kwenye miche ya C. Kwa vipande vichache kama hivi siwezi kudai zaidi ya hapa, ila kwa miti hii na mvua hizi, unyevu wa kivuli unaonekana kuamua ni wangapi watakaoingia na kwa haraka gani, na majirani wanaamua ni akina nani.

14 Desemba. Hifadhi, gharama, na nyuzi mpya

Kuvu 34 zimewekwa ndani ya vichupa vya maji safi yaliyopikwa, kila kichupa na vipande vitano vya agari yenye kuvu, vikafungwa na kuwekwa kabatini. Mbinu hii ya daktari Aldo Castellani ya mwaka 1939 haihitaji umeme, jambo la maana katika mtaa ambao friji huzimika bila taarifa. Nimefungua viwili vya mwezi Julai kuvijaribu, na vyote viwili vimeota.

Hesabu ya mwaka: vifaa vya mwanzo shilingi 14,000, spiriti, jiki na dawa 3,150, viazi, glukosi na agari 2,650, vinasaba 38,400, nauli 6,800, miche na chandarua 2,900. Jumla ni shilingi 67,900. Mtu atakayeacha vinasaba na kutosheka na sura na spora ataifanya kazi hii kwa chini ya nusu ya fedha hizo, mradi asiruke jaribio la mgandamizo wala kuchanganya umri wa majani.

Kinachofuata ni kundi ambalo sikuliweka: miche ya chandarua timboni, iliyotandaziwa juu yake majani makavu kutoka eneo C, ili majirani wahamie ilhali mahali pabaki palepale. Miche mipya 24 iko chini ya paa. Timboni, mwarobaini ulioliwa na mbuzi umechipua tena, na mzee amekwisha kufunga uzi mwekundu kwenye majani ya wiki hii kabla sijamwomba.